Mhuri wa Mzee Kitabayashi

Kila alipotaka kupiga mhuri, mzee Kitabayashi alifunga mlango.

Zamani hakuwa hivyo. Mwatime, katibu wake katika ofisi ya Jeddah, alikuwa amemzoea akipiga mhuri mbele ya yeyote aliyekuwapo. Alikuwa akifungua kijaluba cha wino mwekundu, mzito kama samli, anaugusisha mhuri mara mbili tatu, kisha anaukandamiza kwenye karatasi taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyeshikwa na usingizi. Akiuinua, jina lake limebaki pale ndani ya duara, maandishi mawili ya Kijapani: moja maana yake kaskazini, la pili msitu. "Haya," husema, akimsukumia Mwatime hati, "maji yaende."

Maji ndiyo yaliyowakutanisha. Kampuni yao ya Kijapani ilikuwa ikijenga mtambo wa kuyaondoa chumvi maji ya Bahari ya Shamu, kusini mwa mji, na mzee alikuwa mkuu wa mradi huo. Makao makuu yalikuwa Riyadh. Huko ndiko hati zote zilikokwenda, na hapakuwa na bomba lililonunuliwa wala pampu iliyofungwa bila mhuri wa mzee. Wajapani wanauita hanko. Kwao kila mtu mzima anao wake, na pale ambapo mwingine angeandika sahihi, wao hugonga jina.

Kiswahili mzee alikijua. Ujanani alichimba visima kule Kinango, bara ya Kwale, na lugha aliiokota kwa vibarua waliokuwa wakivuta kamba pamoja naye. Siku ya usaili Mwatime alikuja amejihifadhia majibu ya Kiingereza kichwani. Mzee akatazama karatasi zake, akaona zimeandikwa Msambweni, pwani ya Kwale hiyohiyo, akauliza, "Kinango siku hizi mvua anakuja?" Majibu yote yakamtoka Mwatime. Kazi akaipata.

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo Mwatime hakulisahau. Alipofika Jeddah mara ya kwanza, wakala aliyepaswa kumpeleka kuchukua ikama, kitambulisho cha ukaazi, alimwacha kwenye benchi akapotea. Mzee alipopata habari alikuja mwenyewe, akaketi naye kutwa nzima katikati ya madereva na mayaya, kofia yake juu ya magoti, mpaka kile kitambulisho kikatoka. Siku ile hakuitaja tena.

Sasa hati zilikuwa zikirudi. Riyadh walisema mhuri umefifia, au umejigonga mara mbili, au haufanani na ule wa zamani. Mwanzo Mwatime aliulaumu wino, akaagiza mwingine. Kisha akakilaumu kiyoyozi kwamba kinakausha karatasi. Mzee alimwachia alaumu atakacho. Alichukua hati, akaingia nazo chumbani, na mlango ukafungwa.

Asubuhi moja simu ililia kutoka Riyadh. Mwatime aliuweka sawa ushungi wake kabla ya kuipokea, akajishangaa, kwa sababu simu ile haikuwa na picha.

"Bi Mwatime, asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, Hashim. Leo umeamka mapema."

Hashim alikuwa Mpemba wa Wete, fundi wa mifumo ya kompyuta kule makao makuu. Hawakuwahi kuonana. Muda mrefu walikuwa wakizungumza mambo ya kazi kwa simu, na mambo ya kazi kila mara yaliteleza yakawa mengine: nani anajua kupika pweza kati ya watu wa Pemba na watu wa Msambweni, na kwa nini Riyadh hakuna hata harufu ya bahari.

"Skiza," alisema Hashim, "baada ya Idi hapokewi mtu na karatasi. Kila mkubwa atapiga mhuri wake ndani ya kompyuta. Picha ya mhuri inakaa kwenye hati, na nyuma ya picha kuna ufunguo wa siri, namba anayoijua mwenyewe peke yake. Wote washaniletea mihuri yao, kasoro mzee wako."

"Mzee wangu haambiliki."

"Hebu mwambie wewe. Wewe nasikia sauti yako hata mawe yanaitika."

"Hayo umeyasikia wapi?"

"Nnayasikia hapa," akasema Hashim, na wakaagana haraka kama watu waliokanyaga kaa la moto.

Mwatime alimfikishia mzee habari. Mzee alisikiliza mikono yake ikiwa chini ya meza.

"Hapana," akasema. "Kompyuta hana aibu. Mtu akipiga mhuri mbaya anaona aibu, anarudi kukagua kazi. Kama mkono hakuna, kazi ya nani?"

"Lakini mzee, hizi za mkono nazo zinarudishwa."

"Nitapiga vizuri. Leta."

Akampelekea hati ya pampu mpya. Mlango ukafungwa. Mwatime alirudi mezani kwake akaanza kuandika barua, na hakuwa amefika mbali aliposikia kitu kikianguka ndani na kubiringika. Akabisha. Kimya. Akabisha tena, kisha akafungua.

Mzee Kitabayashi alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akipapasa zulia. Kijaluba kilikuwa kimepinduka na mkono wa shati lake jeupe ulikuwa mwekundu hadi kwenye kiwiko. Juu ya meza zilitapakaa karatasi tupu alizokuwa akijaribia, na kila moja ilikuwa na maduara yaliyopinda, yaliyovutika, yaliyopandana. Mzee aliinuka. Mkono wa kulia alikuwa ameushika kwa ule wa kushoto, kama mtu aliyekamata ndege na anaogopa ataruka. Hata hivyo ulikuwa ukitetemeka.

"Funga mlango," akasema.

Mwatime akafunga, akabaki ndani. Aliinama akautafuta mhuri, akaupata nyuma ya mguu wa kiti. Ulikuwa wa mti mgumu wa rangi ya asali, mwembamba kama kidole, na ukingoni mwa duara palikuwa na pengo dogo. Pengo lile lilitokea Kinango, ulipomponyoka mzee ukagonga jiwe la kisima chake cha kwanza, na hakukubali kamwe kuchonga mwingine.

"Tangu lini, mzee?"

"Ramadhani ya mwaka jana. Kwanza kidole. Sasa mkono mzima."

"Umekwenda hospitali?"

Akatikisa kichwa. "Daktari ataandika. Riyadh watasoma. Mimi ndani ya ndege. Na maji bado."

"Na mama Fumie?"

Fumie alikuwa mkewe, aliyebaki Japani. Mwatime alimjua kwa kupungiana mikono tu kwenye simu ya mzee, siku za Ijumaa mzee alipopita ofisini.

"Hajui. Yeye kule peke yake. Nikimwambia atalala vipi?"

Mzee aliisukuma hati ya pampu upande wa Mwatime.

"Piga wewe. Mkono wako mzuri. Kwetu makatibu wengi wanapiga, watu wanajua, wanatazama pembeni."

Mhuri ulikuwa mkononi mwa Mwatime, na bado ulikuwa na joto la kiganja cha mzee. Ilikuwa kazi ya kupepesa jicho. Aliukumbuka ule mchana wa benchini, na kofia juu ya magoti, akaona kwamba kama kuna mtu mmoja katika nchi ile ambaye hakustahili kukataliwa na yeye, ni huyu. Akautia mhuri ndani ya kikasha chake.

"Mzee, nitume jambo lolote. Hili siwezi. Hati inasema pampu umeikagua wewe na umeridhika wewe. Nikigonga mimi, nitakuwa nimewadanganya watu watakaokunywa hayo maji, na nimewadanganya kwa jina lako."

Mzee aliinamisha kichwa. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko ule wino wa shatini. Mwatime alimwonea huruma hata akatamani ayarudishe maneno, lakini mzee alikuwa tayari anaitika, polepole, kama anayesikia jambo alilowahi kulisema mwenyewe.

"Kweli," akasema. "Mimi ndiyo mbaya hapo. Samahani. Sasa tufanye nini?"

"Tumwite Hashim."

Alimpigia Hashim siku ileile. Siri ya mzee hakuitoa. Alisema tu kwamba mzee amelegeza msimamo, na kwamba mambo yake hayawezi kufanywa kwa mbali.

"Wengine wote nimewasajili papa hapa kwa skrini," alisema Hashim.

"Huyu mfuate."

"Ni ofisi inayoniita, au wewe?"

"Ofisi," akasema Mwatime. Halafu, kabla hajakata simu: "Na mimi."

Hashim alifika Jeddah kwa ndege ya asubuhi. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, mwenye miwani na shati lililokunjika kwa safari, na kwapani alikuwa na kikapu cha halua ya Wete aliyoletewa na ndugu yake aliyekuja umra. Alimpa Mwatime bila kumtazama, akasema, "Hii si rushwa," akageuka kumwamkia mzee. Mzee aliposikia shikamoo alifurahi wazi, akaitika marahaba kwa sauti ya kibarua wa Kinango.

Wakakaa watatu chumbani. Hashim akafungua kompyuta yake, akaonyesha mhuri uliotengenezwa na watu wa mfumo: duara kamili, maandishi yamenyooka, wekundu safi.

Mzee aliinama akautazama. "Huyu nani?"

"Wewe, mzee."

"Hapana. Huyu kijana. Hajachimba kisima."

Hashim akacheka. "Basi tupate huo wako mwenyewe. Nigongee hapa kwenye karatasi nyeupe, mara moja tu, mie nitauingiza kwenye mashine."

Mwatime akaanza kusema kwamba wino umekauka, kwamba labda baada ya chai, lakini mzee alimtazama, na katika mtazamo ule Mwatime aliona kwamba amechoka kufunga mlango. Mzee akautoa mhuri. Akauchovya. Mkono ukaanza kucheza tangu angani, na ulipotua karatasini duara lilijigonga mara mbili na kuacha mkia. Akajaribu tena, kwa mikono miwili. Safari hii lilikuwa baya zaidi.

Mwatime hakuutazama mhuri. Alimtazama Hashim. Aliogopa kuona usoni mwake ule udadisi wa watu, au ile huruma inayomfanya mgonjwa ajione amekwisha. Hashim alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Nisamehe mzee, nimekosea mie," akasema. "Wino wa nini? Nipe huo mhuri wenyewe."

Akaufuta kwa karatasi laini, akausimamisha mezani karibu na dirisha, uso wake juu, akaupiga picha kwa simu kutoka juu yake. Kwenye picha maandishi yalikuwa yamegeuka kinyume, kama yanavyokuwa kwenye mhuri wowote. Hashim akayageuza kwa kompyuta, akayatia wekundu, akaondoa kila kilichokuwa pembeni. Kisha akaizungusha skrini.

Mzee Kitabayashi aliona kaskazini na msitu vikiwa wima ndani ya duara, na pengo la Kinango liko palepale pake. Alinyoosha kidole chake kinachotetemeka, akaligusa lile pengo kwenye kioo.

"Huyu mimi," akasema kwa sauti ndogo.

Ilibaki namba ya siri. Mfumo ulitaka mzee aandike namba yake mwenyewe, mtu mwingine asiione, na uliweka muda mfupi wa kuandika. Hashim na Mwatime wakageukia ukutani. Walisimama bega kwa bega mbele ya tangazo la namna ya kuzima moto, wakisikiliza nyuma yao: tik. Kimya kirefu. Tik. Kisha mlio wa kukataliwa; muda umekwisha. Mzee akaanza upya. Ukakataa tena. Mwatime alikuwa akiomba dua kimoyomoyo.

"Watu wa Riyadh wametuwekea haraka zao," akasema Hashim, akarudi kwenye kompyuta, akaurefusha muda, akasimama tena ukutani. "Chukua nafasi yako, mzee. Sie tunasoma."

Tik. Tik. Kimya.

"Hili tangazo umeshalisoma?" akanong'ona Hashim.

"Nimelihifadhi."

"Hebu nisomee bila kutazama."

Mwatime alibana kicheko kwa ncha ya ushungi. Na ndipo kompyuta ikatoa mlio mwingine, wa juu na mwepesi, na mzee akapiga kelele kama mtu aliyeona maji chini ya kisima: "Amekubali!"

Hati ya pampu ilikuwa kwenye skrini, na mhuri umekaa mahali pake, haujapinda. Mzee aliitazama kwa muda.

"Na aibu?" akamuuliza Hashim. "Aibu iko wapi humu ndani?"

"Ufunguo huo ni wako peke yako. Hati ikiwa mbaya, huna wa kumsingizia."

"Basi aibu ipo."

"Tele, mzee."

"Vizuri," akasema mzee, akaagiza chai, wakaila ile halua.

Alasiri Mwatime alimsindikiza Hashim mpaka kwenye geti kungoja gari la uwanja wa ndege. Jua lilikuwa bado kali na walijibana kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

"Yale niliyoyaona mle ndani," alisema Hashim, "mie siyapeleki popote. Si yangu. Lakini nnakuuliza wewe uliye karibu naye. Mhuri sasa hautetemeki. Yeye je?"

Gari lilipoondoka Mwatime alibaki pale getini, na furaha yote ya mchana ikamgeukia kuwa wasiwasi. Alijua amemsaidia mzee kuificha ile hali vizuri zaidi.

Alivumilia siku chache. Kisha akabisha mlango, ambao siku hizo ulikuwa wazi, akabisha kwa adabu tu.

"Mzee, hati sasa hakuna anayezirudisha. Lakini mkono bado unao wewe. Nenda kwa daktari. Na mama Fumie mwambie. Mimi mamangu alinificha ugonjwa wake ili nisihangaike huku ugenini. Siku hizi hajambo, lakini nilipojua, niliumia zaidi kwa kufichwa kuliko kwa ugonjwa."

Uso wa mzee ulifunga. Akamjibu kwa Kiingereza, kwa heshima nyingi, kwamba anashukuru na kwamba Mwatime anaweza kurudi kazini. Hapo Mwatime akajua amemuudhi sana. Tangu waanze kazi mzee hakuwahi kusema naye Kiingereza wakiwa peke yao. Na haikuwa siku moja. Asubuhi Kiingereza, jioni Kiingereza, tafadhali na asante za barafu. Mwatime alifanya kazi zake, akala chakula bila kusikia ladha yake, na Hashim alipopiga simu alimwambia, "Nadhani nimempoteza mzee wangu."

"Hujampoteza. Mtu anayetaka kukutupa hakwambii asante mara zote hizo."

Ijumaa ofisi ilikuwa tupu. Mwatime alikuwa amepita kumalizia ripoti, aliposikia anaitwa, na kwa Kiswahili: "Mama Mwatime! Njoo. Kaa hapa."

Mzee alikuwa na simu mkononi. Kwenye skrini alikuwapo mama Fumie, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, jikoni kwake, akimpungia Mwatime. Mzee alivuta pumzi, akaanza kusema kwa Kijapani. Mwatime hakuelewa neno, lakini alielewa mzee alipofika penyewe, kwa sababu sauti ilikatika, na mzee akauinua ule mkono wa kulia mbele ya simu akauacha ucheze mkewe auone.

Mama Fumie hakushtuka. Alisema maneno machache tu, akiwa ameshika kitambaa cha kufutia vyombo. Mzee akabaki kinywa wazi. Kisha akaanza kucheka, na machozi yakawa yanamshuka humo humo katikati ya kicheko.

"Anasema nini, mzee?"

"Anasema picha yangu inatetemeka tangu mwaka jana. Kila Ijumaa anaona mimi, naruka hivi, hivi. Anasema alijua. Alikuwa anangoja mimi niwe tayari." Akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Anasema mwanamume gani anaficha kutetemeka na ameshika simu kwa mkono uleule!"

Mama Fumie naye alikuwa anacheka kule, kitambaa usoni. Aliongeza jambo, akimwelekea Mwatime, akainama mpaka nywele zikajaa skrini.

"Anakushukuru," akasema mzee. "Anasema umekaa karibu na mimi mahali pake."

Mwatime aliinama pia, kwa namna aliyoiona, na alipoinuka naye macho yalikuwa yamelowa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu wake. Mzee alimpigia mkurugenzi wa Riyadh yeye mwenyewe, mlango ukiwa wazi, akiinamia simu kana kwamba mkurugenzi anamwona. Alipomaliza alisimulia: "Ameuliza kwa nini hukusema. Nikasema, aibu. Amenyamaza sana. Halafu amesema atatuma mhandisi wa kunisaidia, na nione daktari, na maji yatoke kwanza, halafu nirudi nyumbani." Daktari wa Jeddah aliupa ugonjwa jina, akaandika dawa, akasema hazitauondoa ila zitautuliza. Zikautuliza. Siku nyingine mzee aliweza kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja, na siku hizo aliwaonyesha watu wote ofisini.

Maji yalitoka baada ya msimu wa joto kupita. Wakubwa walikuja kutoka Riyadh na kofia zao ngumu. Mzee hakutaka kuidhinisha hati ya mwisho ofisini. Aliipeleka kompyuta mpaka ndani ya mtambo, akaiweka juu ya sanduku la mbao kando ya bomba kuu, na simu yake akaiegemeza kwenye chupa ili mama Fumie aone bila kurukaruka. Wote waligeuka, wakubwa kwa mafundi, wakatazama bahari wakati yeye akiandika namba yake. Hakuna aliyemharakisha. Mhuri ulipokaa, akamjazia Mwatime gilasi.

Mwatime akanywa. "Mbona hayana ladha yoyote, mzee?"

"Ndiyo kazi hiyo," akasema mzee, na akaonekana mwenye furaha kuliko alivyowahi kumwona.

Siku mzee alipoondoka, Hashim alikuja kutoka Riyadh kumuaga, ingawa hapakuwa na kompyuta iliyomhitaji. Yeye na Mwatime walimpeleka mzee uwanja wa ndege. Mhuri wa mti mzee alikuwa nao mfukoni mwa koti, kwenye kikasha chake.

"Sasa huo utafanyia nini?" akauliza Mwatime.

"Nyumbani kuna mtu analeta vifurushi mlangoni. Anataka mhuri kila siku. Yeye hajali kama amepinda."

Akawainamia, mmoja mmoja. Kisha akakumbuka kwamba hao si Wajapani, akampa Hashim mkono ule wa kulia, wenye kutetemeka, bila kuuficha. Mwatime akamwambia, "Kwaheri, baba," na mzee akasema, "Kwaheri, mwanangu. Kula vizuri," akaingia ndani na begi lake, akigeuka kila hatua mpaka watu wakamfunika.

Walitoka nje. Maegesho ya magari yalikuwa makubwa, ghorofa juu ya ghorofa, na magari yote meupe.

"Gari tuliliacha wapi?" akauliza Hashim.

"Nadhani ghorofa hii."

Wakaanza kutembea kati ya mistari. Mwatime alikuwa akijifuta macho, na Hashim akapunguza mwendo ili asimtangulie.

"Bi Mwatime, likizo yako lini?"

"Mwezi ujao, inshallah."

"Na Msambweni kuna pahala pa kulala wageni?"

"Kwa nini pasiwepo? Wageni gani?"

"Wazee wangu wawili wanatoka Wete. Njia ndefu, hawawezi kugeuza siku ileile."

Mwatime alisimama. "Wanakuja kufanya nini Msambweni?"

"Watasema wenyewe wakifika. Mie nikikwambia hapa, baina ya magari, mamangu hatonisamehe."

Mwatime aliangalia viatu vyake. Alikuwa ameolewa zamani, akaachwa, akajiambia kwamba mlango ule ameufunga na amezoea. Sasa aliona haya kama msichana, kisha akaona hana sababu ya kuona haya.

"Waambie waje," akasema. "Mama atawapokea. Lakini pweza tutapika sisi, wasije wakaleta mapishi yenu."

"Hilo tutalizungumza," akasema Hashim.

Wakaendelea kulitafuta gari. Mwatime alikumbuka kwamba waliliacha ghorofa ya juu, lakini hakusema mpaka walipoimaliza ile ya chini yote, mstari kwa mstari.